Chujio linalosafisha damu linapoumiza seli zake

Mwaka 1968 madaktari wawili wa Marekani, Kaplow na Goffinet, walichapisha habari ya jambo la ajabu waliloliona kwa wagonjwa wa figo. Dakika chache baada ya mgonjwa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, chembe zake nyeupe, zile zinazopambana na vijidudu vya maradhi, zilipungua ghafla na kwa kiasi kikubwa mno. Zikihesabiwa tena baada ya saa moja au mbili, zilikuwa zimerejea. Mgonjwa hakuwa ametokwa na damu, wala hakuwa amepewa dawa ya kuziua. Zilikuwa zimekwenda wapi?

Jibu lilipatikana 1977 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis. Philip Craddock, Harry Jacob na wenzao walichukua plazma ya sungura, yaani ile sehemu ya majimaji ya damu, wakailoweka pamoja na selofani ya aina iliyokuwa ikitumika ndani ya machujio ya hospitali, kisha wakamrudishia sungura plazma yake mwenyewe. Chembe nyeupe zikatoweka kwenye mzunguko kama zilivyokuwa zikitoweka kwa wagonjwa. Walipoyachunguza mapafu ya sungura hao, wakazikuta humo, zimesongamana ndani ya mishipa midogo. Ikaeleweka kwa nini baadhi ya wagonjwa walikuwa wakibanwa kifua na kupungukiwa hewa mwanzoni mwa kila kipindi cha kusafishwa damu. Kosa halikuwa la mashine wala la muuguzi. Lilikuwa kwenye utando ule mwembamba uliogusana na damu.

Wengi wetu tunalifikiria chujio la figo kama kung'uto la tui: machicha yanabaki juu, tui linapita chini, na kung'uto lenyewe halina neno na nazi. Lakini damu iko hai. Inajua kilicho chake na kisicho chake, na ikigusa kitu kigeni haikai kimya. Mwenye figo zilizoshindwa kazi husafishwa kwa muda wa saa nne hivi, na damu yake hupita kwenye chujio kwa mwendo wa kama mililita 300 kila dakika. Piga hesabu: ni lita 72 kwa kipindi kimoja, ilhali mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Kila tone, basi, linagusa ule utando mara nyingi kwa siku moja. Anayesafishwa mara tatu kwa wiki hurudia jambo hilo mara 156 kwa mwaka, miaka nenda miaka rudi. Hakuna dawa ambayo mwili wake unakutana nayo kwa wingi kiasi hicho.

Utando wenyewe tunaoutaja mara chache sana una historia ndefu. Mwaka 1913, mjini Baltimore, John Abel na wenzake Rowntree na Turner walipitisha damu ya mbwa kwenye mirija ya kolodioni, wakizuia isigande kwa dawa iliyotolewa kwenye vichwa vya ruba. Mwaka 1924 Georg Haas akajaribu kwa binadamu mjini Giessen, Ujerumani. Aliyefungua njia hasa ni Willem Kolff, daktari kijana wa Kampen, Uholanzi, aliyetengeneza figo bandia yake 1943 wakati nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Vifaa vilikuwa adimu, hivyo akatumia selofani iliyokuwa ikitumika kufungia soseji, akaizungusha kwenye pipa lililolazwa ndani ya maji ya chumvichumvi. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Mwaka 1945 akampata mama wa miaka 67 aliyezinduka kutoka kwenye usingizi wa sumu ya figo na kupona.

Selofani ni selulosi, ileile iliyomo kwenye pamba na mbao. Ilikuwa rahisi, ilipitisha uchafu vizuri, na kwa miongo kadhaa machujio mengi ya dunia yalitengenezwa kwa jamii yake, hasa aina iliyoitwa Cuprophan. Aliyekuwa akifa kwa figo aliishi, na mtu aliyenusurika kifo haulizi sana alisafishwa na nini. Ndiyo maana ugunduzi wa 1977 ulikuwa mzito: ulionyesha kwamba kile kilichookoa maisha kilikuwa pia kikiumiza.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya damu mna kundi la protini za kinga zinazoitwa komplementi. Kazi yake ni kutambua vijidudu na kupiga mbiu. Protini moja ya kundi hilo, C3, huwa inavunjika kidogokidogo wakati wote, na vipande vyake hutafuta mahali pa kushikilia. Juu ya selulosi vimejaa vikundi vya oksijeni na hidrojeni, na kipande cha C3 hunasa hapo kwa urahisi. Kikishanasa, kinaita vingine, na mfululizo mzima unawaka. Katika kuwaka huko zinamwagika kwenye damu protini ndogo mbili, C3a na C5a. Hizo ndizo zinazozifanya chembe nyeupe zishikane, zijibandike kwenye kuta za mishipa, na kukwama kwenye mapafu, kwa kuwa mapafu ndiyo kituo cha kwanza cha damu inayorudi kutoka kwenye mashine.

Kukwama peke yake kusingekuwa na madhara makubwa. Lakini chembe nyeupe iliyoamshwa huanza vita. Inatoa oksijeni ya aina haribifu na vimeng'enya vinavyotafuna protini, silaha ambazo Mungu aliziweka kwa ajili ya bakteria. Hapa hakuna bakteria. Silaha zinaangukia kuta za mishipa, mafuta ya damu, na chembe nyekundu. Chembe nyekundu za mgonjwa wa figo tayari zina maisha mafupi kuliko siku 120 za mtu mwenye afya, kwa sababu sumu iliyojaa mwilini inazidhoofisha. Utando ukiongeza mashambulizi, upungufu wa damu unazidi kukaidi matibabu. Chembe nyeupe zenyewe nazo hazisalimiki. Zilizotumia silaha zao bure huwa zimechoka siku vijidudu vya kweli vinapoingia kupitia katheta ya shingoni, na watafiti wa Córdoba, Hispania, walionyesha kwamba baadhi ya seli za kinga zikigusa Cuprophan hufuata njia ya kujiua zenyewe, ile ambayo mwili huitumia kuondoa seli zilizoharibika.

Jaribio ambalo mimi hulikumbuka kuliko yote lilifanyika Stockholm na kuchapishwa 1990. Kundi la Alberto Gutierrez na Jonas Bergström liliwachukua watu wenye afya, figo zao nzima, likapitisha damu yao kwenye chujio bila kuweka yale maji ya kusafishia upande wa pili. Hapakuwa na kusafisha kokote. Kilichokuwepo ni damu kugusa utando basi. Saa chache baadaye misuli ya miguu ya wale waliowekewa Cuprophan ilikuwa ikivunja protini zake na kuzimwaga kwenye damu. Utando wa aina nyingine, wa poliakrilonitrili, haukuleta hali hiyo. Ndugu wa wagonjwa wa figo wanaijua sura ya jambo hili hata kama hawajawahi kusikia habari za Stockholm: nguo zinapwaya, mashavu yanaingia ndani, mgonjwa anarudi kutoka kwenye mashine akiwa hoi, halali usingizi mzuri wala hatamani chakula. Sehemu kubwa ya udhoofu huo hutokana na maradhi yenyewe, na chakula kinachozuiliwa, na maji yanayotolewa kwa kasi. Lakini mguso peke yake uliweza kula misuli ya mtu mzima wa afya, na hilo ni jambo la kutafakari.

Viwanda vilisikia. Kwanza selulosi ilifanyiwa marekebisho, vile vikundi vyake vikafunikwa kwa asetati au kemikali nyingine ili C3 ikose pa kushika. Kisha zikaja tando zisizotokana na selulosi kabisa: poliakrilonitrili, polimethilimethakrileti, na polisulfoni na ndugu zake, ambazo leo ndizo zinazotawala. Ndani ya chujio la kisasa mna nyuzi zaidi ya 10,000 zenye tundu katikati, upana wa kila tundu ukiwa mikroni 200 tu, na zikikunjuliwa zote utando wake unafikia mita mraba moja na nusu au mbili. Cuprophan yenyewe ilitoweka sokoni katika miaka ya 2000.

Je, wagonjwa waliishi zaidi? Hapa nataka tuwe waaminifu, kwa sababu wauzaji wa vifaa tiba hawana haraka ya kutuambia. Mwaka 1994 Raymond Hakim na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 72 ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa ghafla. Waliosafishwa kwa utando mpole, figo zilirejea kazini kwa asilimia 62. Kwa waliotumia Cuprophan, asilimia 37. Matumaini yakapanda. Miaka mitano baadaye jarida la Lancet likachapisha uchunguzi mkubwa zaidi, wa wagonjwa 180 wa hali kama hiyo, na safari hii vifo vilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Uchunguzi uliokuja baadaye umekuwa ukivutana vivyo hivyo. Seli zinaumia, hilo limepimwa na kurudiwa kupimwa. Lakini kati ya seli iliyoumia na mtu aliyekufa kuna mambo mengi: umri, kisukari, moyo, maambukizi, lishe. Uzito wa utando unaweza kumezwa na hayo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba kwa sababu vifo havikutofautiana, basi utando wowote unafaa. Mgonjwa anaishi na mwili wake kila siku, si siku ya kufa tu. Mwongozo wa madaktari wa figo wa Marekani uliotolewa 2015 unapendekeza utando unaopatana na damu kwa kila anayesafishwa, uwe wa matundu madogo au makubwa. Hiyo ndiyo daraja ya chini kabisa tunayopaswa kuikubali.

Suala la matundu ndilo lililochukua nafasi ya mjadala wa selulosi. Utando wa zamani ulipitisha uchafu mdogo kama urea. Kuna uchafu mkubwa zaidi, mfano protini iitwayo beta-2 mikroglobulini, ambayo figo nzima huiondoa bila shida. Mwaka 1985 Fumitake Gejyo wa Niigata, Japani, na wenzake walionyesha kwamba protini hiyo ndiyo inayojikusanya kwenye viungo vya watu waliosafishwa damu kwa miaka mingi, ikabana mshipa wa fahamu wa kiganja hadi vidole vikafa ganzi, na kula mifupa ya mabega. Tando za matundu makubwa huitoa kwa kiasi. Uchunguzi wa HEMO nchini Marekani, uliochapishwa 2002 na kuhusisha wagonjwa 1,846, haukuona tofauti ya vifo kwa ujumla kati ya matundu makubwa na madogo, ila vifo vya moyo vilipungua. Uchunguzi wa Ulaya uliofuata 2009 uliona faida kwa wale ambao protini ya albumini ilikuwa chini katika damu yao. Na 2023 utafiti uitwao CONVINCE, wa wagonjwa 1,360 katika nchi nane za Ulaya, ulionyesha kwamba kutumia tando hizo pamoja na kusukuma maji mengi safi kupitia damu kulipunguza vifo kutoka asilimia 21.9 hadi 17.3. Ni hatua ya maana, ingawa kwa gharama na kwa maji ya usafi ambao wodi chache zinaumudu.

Uharibifu huingia hadi kwenye vinasaba. Watafiti wa Würzburg, Ujerumani, Helga Stopper na August Heidland wakiwa miongoni mwao, wamekuwa wakihesabu alama za DNA iliyovunjika ndani ya chembe nyeupe za wagonjwa wa figo. Zipo nyingi kuliko za watu wenye afya, na zipo hata kwa ambao bado hawajaanza kusafishwa damu, ishara kwamba sumu ya figo peke yake inaharibu. Walipowapima waliosafishwa kila siku, uharibifu ulikuwa mdogo kuliko kwa waliokuwa kwenye ratiba ya kawaida. Wajapani nao walitengeneza utando uliopakwa vitamini E ili kuizima oksijeni haribifu palepale inapozaliwa. Vipimo vya damu vilionyesha nafuu. Kwamba inarefusha maisha, hilo halijathibitishwa.

Ule uchunguzi wa kusafishwa kila siku ndio unaotuleta nyumbani. Seli haiumizwi na utando tu. Inaumizwa pia na sumu inayobaki mwilini kati ya kipindi na kipindi. Dunia imezoea mara tatu kwa wiki. Nchini Kenya, bima ya NHIF ililipia mara mbili, Sh9,500 kila mara, na mamlaka mpya ya SHA iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024 ilipandisha malipo hadi Sh10,650. Kwetu Tanzania wasio na bima huuza shamba, na shamba likiisha wanapunguza siku. Nikilazimishwa kuchagua, ningempa mgonjwa chujio la kawaida lisilo la selulosi mara tatu kwa wiki kabla ya kumpa chujio la fahari mara moja. Familia nyingi zinachagua kinyume bila kujua kwamba zina la kuchagua.

Halafu yako maji. Kipindi kimoja kinatumia lita 120 hivi za maji upande wa pili wa utando, maji mengi kuliko anayokunywa mtu kwa mwezi mzima. Mwaka 1973 John Eaton na wenzake wa Minneapolis walieleza jinsi kloramini, dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba ya baadhi ya miji, ilivyopita kwenye utando na kupasua chembe nyekundu za wagonjwa. Haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchuja kwa kitambaa. Inahitaji matangi ya mkaa maalumu yanayopimwa kila siku ya kazi. Mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazili, sumu ya mwani wa bwawani iliingia kwenye maji ya kituo cha kusafisha damu na kuua watu zaidi ya 50 kwa kuharibu maini yao. Na hapa ndipo maji na utando vinapokutana: utando wa matundu makubwa una njia mbili. Uchafu mkubwa unaweza kutoka, lakini mabaki ya bakteria yaliyomo kwenye maji nayo yanaweza kusukumwa kurudi upande wa damu na kuamsha zilezile chembe tulizotaka kuzituliza. Hospitali inayonunua machujio ya bei kubwa bila kutengeneza mtambo wake wa maji imenunua madhara.

Kuhusu kutumia chujio zaidi ya mara moja, watu wengi hushtuka wakisikia. Marekani ilifanya hivyo kwa miaka mingi, na bado ni jambo la kawaida katika baadhi ya nchi. Cha kushangaza, chujio la selulosi lililooshwa na kurudiwa lilikuwa pole zaidi kwa kinga, kwa kuwa protini za mgonjwa mwenyewe zilikuwa zimeshautandika ule utando na kuuficha usionekane mgeni. Madhara yaliyotokea chujio jipya likitumiwa mara ya kwanza, waganga waliyapa jina lake kabisa: madhara ya matumizi ya mwanzo. Lakini likioshwa kwa dawa ya klorini, tandiko hilo hung'oka na shida hurudi. Kwa tando za leo faida hiyo haina maana tena, na hatari ya dawa kubaki ndani au chujio kuchanganywa na la mtu mwingine ni kubwa. Anayerudia machujio leo anafanya hivyo kwa ajili ya fedha, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa.

Msomaji mwenye ndugu anayesafishwa damu ayashike machache haya. Kifua kubana, kuwashwa mwili mzima, mgongo kuuma au pumzi kukatika katika nusu saa ya kwanza si mambo ya kuvumilia kimya. Mwambie muuguzi papo hapo. Mkumbushe daktari iwapo mgonjwa anatumia dawa za presha za jamii ya enalapril au captopril, kwa sababu zikikutana na baadhi ya tando za poliakrilonitrili, hasa ile ya AN69, zimewahi kuangusha shinikizo la damu kwa ghafla hadi hatari ya kufa. Hakikisha chujio linaoshwa vya kutosha kwa maji ya chumvi kabla ya kuunganishwa, maana mabaki ya kiwandani na gesi zilizotumika kuua vijidudu zimewahi kuleta mzio mkali. Mgonjwa akibadilishiwa kituo na hali yake ikabadilika, ulizia jina la utando wa mwanzo na wa sasa. Dawa anazomeza zimeandikwa kwenye kadi yake zote. Utando unaogusa damu yake lita 72 kila kipindi mara nyingi haumo.

Tumepiga hatua kubwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka uliofuata. Figo ya kupandikizwa ndiyo tiba inayowaondolea seli adha hii yote, lakini kwa wengi kiti kile kando ya mashine ndicho kitakachokuwa chao kwa miaka. Nawaomba wanaoandika zabuni za vifaa tiba, Dodoma na Nairobi na katika kila kaunti na mkoa: sifa za utando na vipimo vya maji viandikwe kwanza, bei ifuate, na jina la utando liwekwe kwenye kadi ya kila mgonjwa kuanzia mwaka huu wa fedha.